Samaki Wanyonge wa Papa Syauswa

Tarehe 30 Juni 2003, saa sita za mchana, Papa Syauswa Éphraïm atatundika kofia yake kwenye msumari wa biro yetu, yaani ofisi, kwa mara ya mwisho. Kisha ataiondoa tena aende nayo nyumbani, kwa sababu kofia ni yake na msumari ni wa Kituo. Ndivyo alivyo. Miaka thelathini na miwili amekuwa mlinzi wa maji katika Kituo cha Kalivuli, tangu Machi 1971, akipeleka maji safi kwenye robine, mabomba ya kuchotea, za kartie nne, yaani mitaa minne, ya Butembo na kwenye maternité, hospitali ya kina mama wanaojifungua. Kamati imeniomba mimi, Jemima, katibu wa Kituo, niandike wasifu wake katika jarida hili. Nimekubali kwa moyo wote, lakini mwenyewe alikuja mezani kwangu akaweka sharti: nikiandika sifa za samaki wake, niandike na kosa lake. Nitaliandika, Papa. Ila nitaanza na sifa, maana kalamu iko mkononi mwangu.

Kwa wageni wa kazi yetu, nieleze kidogo. Maji yetu yanatoka kijito cha Kalivuli. Juu ya kijito, kwenye miteremko ya kuelekea Musienene, ni mashamba tu: viazi, maharagwe, na shu, yaani kabichi. Wakulima wanapuliza dawa ya wadudu, na hatuwalaumu, viazi visipopulizwa vinaoza ardhini. Lakini mvua ikinyesha, dawa inateremka. Ikishachanganyika na maji huioni, huinusi, na ulimi hauitambui. Kwa hiyo, kabla maji hayajaingia kwenye tangi kubwa, sehemu yake inapita kwanza katika beseni la saruji lenye samaki. Samaki anapumua ndani ya maji hayo mchana na usiku, hana pa kukimbilia. Dawa ikija, yeye ndiye wa kwanza kuipata.

Kila asubuhi Papa Syauswa anasimama juu ya jiwe lake kando ya beseni, anaimba wimbo mmoja wa kanisani, beti zote, huku akiwatazama. Wimbo ndio saa yake. Samaki wakiendelea kupumua taratibu chini mpaka ubeti wa mwisho, anaiacha wazi vane, lile gurudumu la chuma linaloachilia maji kwenda mjini. Wakipanda juu na kufungua midomo, au wakilala ubavu, anafunga. Anafunga kwanza, sababu inatafutwa baadaye. Sauti yake si ya kwaya, tuseme ukweli, na kuna beti anazozipenda kiasi cha kuzirudia. Tumemvumilia.

Ujuzi huu hakuupata shuleni. Kabla ya kuja kwetu alikuwa karani wa samaki kule Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward, akiandika uzito wa walichovua watu. Huko aliona kwamba kila msimu wa kupuliza kahawa milimani, samaki wa kwanza kuelea walikuwa wale wa kwenye mdomo wa mto, pale maji ya mto yanapoingia ziwani. Wa katikati ya ziwa walikuwa wazima. Akaandika jambo hilo katika daftari lake ukurasa baada ya ukurasa, na mkubwa wake akamwambia aandike kilo tu. Alipofika Kalivuli akiwa na daftari lilelile chini ya kwapa, Kamati ya wakati ule ilimpa magunia manne ya saruji ajenge beseni, wengine wakicheka. Beseni hilo ndilo tulilo nalo mpaka leo.

Ukaidi wake katika kufunga maji unajulikana hadi Beni. Mwaka 1987, asubuhi ya harusi ya binti yake mwenyewe, samaki wawili walipanda juu. Akafunga. Wageni mia mbili wakapikiwa kwa maji ya kubebwa kichwani kutoka kwenye chemchemi ya misheni ya Wakatoliki, na yeye, Mprotestanti wa kuzaliwa, akawa anabeba bidon, madumu ya maji, mbili mbili akiwa ndani ya suti. Mkewe, Mama Rébecca, hakumsemesha mpaka Jumatano. Jumatano hiyo tuligundua mtu mmoja juu ya mlima alikuwa amemwaga mabaki ya pipa lake la dawa ndani ya mfereji. Mama Rébecca akapika kuku, na wakaanza tena kuzungumza.

Halafu vita vikaja. Tangu mwisho wa 1996 tumeona majeshi ya kila jina yakipita. Hadubini yetu ilipanda lori la watu tusiowajua na haijarudi. Chupa za kupimia dawa ziliisha, na sampuli tulizokuwa tunapeleka Kinshasa hazikuwa na njia tena ya kufika. Tukabaki na samaki. Nao pia, siku moja ya 1997, askari waliokuwa na njaa waliwatoa kwenye beseni wakawachoma pale pale, kumi na wanne, bila chumvi. Papa Syauswa alisimama akiwaangalia wanavyokula. Aliniambia siku ile kwamba ni kama aliona wafanyakazi wenzake wakiliwa.

Hapa ndipo kosa linapoanza.

Alipotafuta samaki wapya, aliogopa kuwapoteza tena. Akapanda milimani, kwenye viziwa vya wakulima vilivyo katikati ya mashamba ya viazi, akauliza ni tilapia gani wasiokufa ovyo. Wakulima walimwonyesha kwa fahari: hawa wanapulizwa dawa kila juma, na wako tu. Akawachukua hao. Akawazalisha katika beseni, na kila mara aliwaacha wazae wale walio hodari, wenye mgongo mpana. Miaka mitatu hakuna samaki aliyepanda juu. Miaka mitatu hatukufunga maji hata mara moja, katikati ya vita, na kila mgeni aliyepita aliletwa kwenye beseni aonyeshwe samaki wa Papa Syauswa. Alikuwa anajivuna, na sisi tulikuwa tunajivuna pamoja naye.

Mwezi wa Machi 2000 alikuja Mama Vagheni. Wakati huo hakuwa mtu wa Kituo. Alikuwa mjane anayelima lenga-lenga, yaani mchicha, chini ya bomba letu la kumwagia maji ya ziada, na alikuja biro akiwa na matope mpaka magotini. Alisema vyura vya pale chini vimenyamaza. Alitafuta hata kimoja, hakukipata, na vitoto vya vyura vilikuwa vimelala tumbo juu. Papa Syauswa akampeleka kwa heshima mpaka kwenye beseni, akamwonyesha tilapia wake. "Angalia, Mama. Bale njo bakubwa ya hii kazi. Bakisema mayi iko muzuri, iko muzuri." Mama Vagheni akajibu kwa upole kwamba vyura vilikuwa vingi, na sasa hakuna. Papa Syauswa akasema vyura haviko kwenye liste ya wafanyakazi. Biro nzima tulicheka. Na mimi nilicheka, ninaliandika hapa kwa aibu.

Siku ya nne mtoto wa Mama Vagheni, Mathe, mwenye miaka minne, alipelekwa kwa daktari mate yakimtoka, mwili ukitetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Watoto wengine sita wa robine ileile walikuwa wanatapika. Daktari Gérard aliwahi kuona wapulizaji wa viazi wakiwa hivyo. Akamchoma Mathe sindano inayopigana na dawa ya mashamba, akakaa naye. Mtoto alilala siku mbili, akaamka akiomba ndizi. Wote saba walipona, Mungu ashukuriwe, na Mathe sasa yuko darasa la kwanza na anatusumbua sana kila Jumatano anapomfuata mama yake kazini.

Mchana uleule, kabla haijajulikana kama Mathe atapona, daktari alikuja Kituo, akatueleza, akatazama ndani ya beseni. Tilapia walikuwa wanaogelea vizuri kabisa. Papa Syauswa alifunga vane, akachukua ndoo, akaenda mwenyewe kwenye chemchemi ya misheni, akarudi na visamaki vidogo vya maji safi, akavitia ndani ya beseni. Havikumaliza nusu saa. Vilipanda, vikazunguka, vikalala ubavu mmoja mmoja, na tilapia hodari wakaja wakavila.

Papa Syauswa aliketi juu ya jiwe lake. Kofia aliishika mikononi. Alisema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba amejenga mlinzi asiyesikia. Alichagua wenye nguvu, akawazalisha wenye nguvu, mpaka akapata samaki ambao sumu haiwafanyi kitu, na samaki kama hao hawana cha kumwambia mtu. Kazi yetu ilihitaji samaki mnyonge. Samaki anayeumia upesi, kabla ya mtoto.

Wengi wangetafuta maneno. Vita vilikuwepo, hadubini iliibwa, nani angemlaumu? Yeye alingoja Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, watu wote wakiwa na majembe mkononi, akapanda juu ya ukuta wa tangi. "Kosa ni yangu, hapana ya vita. Huyu mama aliona. Alikuya kuniambia, na sikumusikia." Kisha alishuka, akaenda nyumbani kwa Mama Vagheni pamoja na Mama Rébecca, wakabeba kuku na kikapu cha viazi, wakaketi kwake mpaka jua likatua. Jumatatu aliomba Kamati imwandike Mama Vagheni kazi. Kulikuwa na minong'ono: hajasoma sana, ni mwanamke wa lenga-lenga. Papa Syauswa akasema basi hatafungua vane mpaka jina lake liandikwe. Mtu mmoja akamkumbusha kwamba vane imefungwa hata hivyo, na hakuna samaki wa kuifungulia. Akajibu kwamba hilo linaifanya iwe rahisi zaidi kungoja. Jina likaandikwa, kwa mkono wangu.

Ikabaki kupata samaki wanyonge. Visamaki vya chemchemi vilikuwa vimekwisha, na vijito vyote vya karibu vinapita mashambani. Papa Syauswa alikumbuka kijito kinachotoka mlima Ruwenzori, ng'ambo ya Beni, chini ya msitu ambako hakuna aliyewahi kupuliza kitu. Humo kuna visamaki vyembamba, visivyofika urefu wa kidole, tumbo jeupe la kung'aa, na vinakufa kwa jambo dogo tu. Hivyo ndivyo alivyovitaka. Alipanda baiskeli akiwa na bidon mbili na pompi ya baiskeli, wakati ambapo watu wenye akili hawakutoka Butembo ila kwa shida kubwa. Alikuwa na miaka sitini.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anasimama kila baada ya kilima, anabadilisha maji kidogo kidogo, na anapiga hewa ndani ya bidon kwa pompi ili visamaki visikose pumzi. Kulikuwa na barrière, vizuizi vya askari, saba. Kwenye ya tatu askari mmoja akachungulia, akasema kwa Lingala yao anataka mbisi, yaani samaki, walau mmoja wa kuonja. Papa Syauswa alimpa koti lake la mvua. Samaki hakumpa. Kwenye ya tano walimkuta amepiga magoti barabarani akipulizia maji hewa na kuimba, wakaona huyu muzee amepatwa na kichwa, ana wazimu, wakamfungulia njia bila swali. Sitini walitoka Ruwenzori, arobaini na mmoja walifika Kalivuli. Niliwahesabu mwenyewe, naye alikuwa amesimama nyuma yangu, amelowa, akihesabu kwa midomo.

Siku tisa mji haukuwa na maji ya robine. Mama Vagheni alilinda vane, na watu walimwambia maneno mengi ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Kamanda mmoja alituma agizo kwamba maji yafunguliwe mara moja. Mama Vagheni alijibu kwa adabu kwamba ufunguo wa kufuli umeenda Beni pamoja na mwenyewe, na ni kweli, Papa Syauswa huuvaa shingoni kwa kamba. Katika siku hizo maternité ililetewa maji na akina mama wa parokia zetu zote, Wakatoliki na Waprotestanti, bidon kichwani, zamu kwa zamu. Hakuna mtoto aliyezaliwa bila maji ya kumwoshea. Ninaona fahari kila ninapoikumbuka.

Tangu hapo kazi yetu imebadilika. Samaki wa beseni hawazalishwi tena kwetu. Kila mwaka wanaletwa wapya kutoka mlimani, wageni wasiozoea uchafu wetu. Vyura vimeandikwa katika daftari la kila siku, mstari wao wenyewe, na Papa Syauswa ndiye aliyeuchora kwa rula. Alipanda Musienene siku za soko, akaketi na wakulima, hakuwafokea. Aliwaonyesha visamaki ndani ya chupa, akatia tone moja la maji ya kuoshea pompi zao za kupulizia dawa, wakaona wenyewe. Leo wengi wao wanaoshea pompi mbali na mfereji, na wameacha ukanda wa majani kati ya shamba na kijito. Watu wa Oicha, wanaopuliza kakao, walimwita awafundishe vivyo hivyo. Alienda mara mbili, na mara zote mbili alirudi na baiskeli imejaa ndizi. Kwa miaka hii mitatu tumefunga maji mara tisa. Mara tisa sababu ilipatikana, na hakuna mtoto aliyepelekwa kwa daktari.

Sasa nifike kwenye jambo la mwisho, ambalo hakuniagiza niliandike.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei mwaka huu, Papa Syauswa alisimama juu ya jiwe lake kama kawaida, na Mama Vagheni kando yake. Macho ya Papa yamechoka, ndiyo sababu anastaafu, na sote tulijua ingawa hakuna aliyesema. Aliimba mpaka ubeti wa pili. Mama Vagheni akasema tufunge, kuna mmoja anapumua vibaya, yule wa pembeni. Papa akainama, akavaa miwani, akatazama. Hakuona kitu. Kwake samaki wote walikuwa wazima, na ubeti wa tatu ulikuwa bado. Mimi nilikuwa mlangoni na karatasi za kutia sahihi, na nilijua ni saa ngapi watu wa robine wanaanza kupanga bidon.

Alirudisha miwani mfukoni. Kisha akavua ile kamba shingoni, yenye ufunguo, akaitia shingoni mwa Mama Vagheni, na akashuka kutoka juu ya jiwe. Mama Vagheni alifunga vane. Ilikuwa kama dakika kumi ndipo samaki wa kwanza alipolala ubavu, na baadaye wengine watatu. Juu mlimani mgeni mmoja asiyejua desturi yetu alikuwa ameosha pompi yake ndani ya mfereji.

Nilimwuliza baadaye kwa nini hakungoja hizo dakika kumi, ahakikishe, kabla ya kutoa ufunguo alioubeba miaka thelathini na miwili. Alinitazama kama mtu anayeona nimeuliza jambo la wazi. "Ule mwaka ya vyura nilingoyea," akasema, akaenda kunawa mikono.

Papa Syauswa, wasingya kutsibu, asante sana, kwa kila asubuhi uliyosimama pale, na kwa siku ile uliyopanda juu ya ukuta ukasema kosa ni lako. Asante kwako pia, Mama Rébecca, kwa suti iliyolowa na kwa Jumatano zote. Mungu akupe, Papa, miaka mingi ya kulala mpaka jua lipande, wajukuu wa kuwasumbua kwa nyimbo zako, na samaki wa kukaanga ule bila kumhurumia. Na asubuhi ile ambayo utafungua robine nyumbani kwako na isitoe hata tone, usichukue baiskeli kuja kutuuliza. Rudi kitandani. Utajua Mama Vagheni yuko juu ya jiwe.